Njia Zipitazo Migombani: Habari za Bukoba na Muleba

Huenda baadhi yenu mkashangaa kuliona gazeti la wakulima wa karafuu likiwapeleka mpaka Ziwa Viktoria, kwenye nchi ya migomba na buni. Tumefanya hivyo kwa kusudi. Kwa muda sasa matawi yetu yamekuwa yakituletea neno moja, nalo ni njia za wageni. Wageni huja kutembezwa katika mashamba ya viungo, na baada yao huja watu wenye ramani, wakitaka kuchora njia mpya ya miguu, ipite hapa, itokee pale, izunguke kisima, ipande kilimani. Mwenye shamba huulizwa mwisho, na mara nyingine haulizwi kabisa. Kabla hatujatoa shauri letu, tumeona inafaa tuwatazame wenzetu wa Mkoa wa Kagera, katika wilaya za Bukoba na Muleba, kwa kuwa huko swali hili limekwisha kuulizwa, na kijiji kimoja kimekwisha kulijibu kwa mikono yake.

Kwanza yataka tuijue nchi yenyewe. Bukoba iko ukingoni mwa ziwa, upande wa magharibi, na Muleba iko kusini yake, kiasi cha kilomita 70 kwa barabara. Mvua ya Bukoba ni nyingi kushinda mahali pengi pa Tanzania, yapata milimita 2,000 kwa mwaka. Milima yake imejipanga kama matuta marefu yanayofuata ukingo wa ziwa, yenye magenge makali, na juu ya matuta hayo ndipo Wahaya walipojenga vijiji vyao. Kila nyumba imezungukwa na shamba lake la migomba, na ndani ya migomba mna mibuni, maharage, na miti ya matunda na kivuli. Shamba hilo huitwa kibanja. Kibanja kimoja hupakana na kingine, na kingine, mpaka kijiji kizima kinakuwa kama msitu mmoja wa migomba. Nje ya kijiji ni uwanda wa majani matupu uitwao rweya. Mtu akitazama kutoka juu ya kilima ataona vijiji vya kijani kibichi vimetawanyika katika majani ya rangi ya kahawia, mfano wa visiwa baharini. Sisi watu wa visiwani hatuna haja ya kuelezwa zaidi.

Basi mpangaji wa njia anapofika hapo na karatasi yake, huona mambo mawili. Huona kibanja, akasema, hapa pana kivuli na pana uzuri, wageni watapenda kupita. Tena huona rweya, akasema, hapa ni patupu, hapana mwenyewe, njia na ipite bila taabu. Na katika yote mawili amekosea.

Kibanja si shamba tu. Mhaya huzikwa katika kibanja cha ukoo wake. Babu yumo humo, na baba yumo humo, na ndiyo sababu kuuza kibanja chenye makaburi ni aibu kubwa, hata mtu akiwa na dhiki. Makaburi mengine yana saruji na msalaba, au yameelekezwa kibla kama yetu. Lakini ya zamani hayana alama ambayo mgeni angeitambua. Pengine kuna mti tu, au kichaka ambacho kila mmoja wa nyumbani anajua hakikatwi. Mipaka nayo huonyeshwa kwa mti uitwao mlamula, na jina lake lenyewe latokana na kuamua. Mti ule ni shahidi. Ukiung'oa ili kupanua njia umeng'oa ushahidi wa jirani wawili, na kesi itakayofuata huenda ikawashinda wajukuu wao. Mambo hayo hayamo katika ramani ya serikali wala katika picha ya ndege. Yamo vichwani mwa watu wa nyumba ile.

Na rweya je? Hapo ndipo makosa yanapokuwa makubwa zaidi, kwa kuwa patupu ndipo panapodharauliwa. Udongo wa rweya ni hafifu, hilo ni kweli. Lakini majani yake ndiyo yanayokatwa na kutandazwa chini ya migomba, ng'ombe hula huko kisha samadi yao huletwa kibanjani, na kwa njia hiyo rutuba ya rweya imekuwa ikihamishiwa kibanjani kwa karne nyingi. Bila rweya hapana kibanja. Tena wanawake wengi hulima njugu mawe huko, katika viplot vidogo ambavyo baada ya mwaka mmoja au miwili huachwa vipumzike, na aliyepita baadaye hudhani hapakuwa na kitu. Msimu wa senene unapowadia, mwisho wa mwaka, watu hutoka kwenda kuwakamata, na mzee atakuonyesha ni upande gani wa kilima senene hupenda kutua. Siku hizi sehemu kubwa ya rweya imepandwa mikaratusi na misonobari, na wanaotafuta majani ya kutandaza hutembea mbali. Ukiongeza njia ya wageni juu ya hayo, bila kuwauliza wanawake, umewapunguzia tena.

Sasa tufike kwenye kijiji tulichokitaja. Jina lake ni Katuruka, katika upande wa Maruku, kusini ya mji wa Bukoba. Hapo palikuwa na mahali patakatifu paitwapo Kaiija, na maana ya jina hilo ni mahali pa kufulia chuma. Wazee walikuwa wakisimulia habari za Mfalme Rugomora Mahe, ambaye kikale chake, yaani makao yake ya kifalme, kilikuwa hapo. Husimuliwa kuwa mfalme huyo aliwakusanya wahunzi wajenge mnara wa chuma ufike mbinguni, nao mnara ukaanguka. Mwaka 1969 alifika huko Mmarekani mmoja, Peter Schmidt, mtaalamu wa kuchimbua mambo ya kale. Yeye hakuanza kwa kuchimba. Alianza kwa kukaa na wazee, akawasikiliza, akatembea nao. Wazee hawakusimulia wakiwa wameketi chini ya paa. Walikwenda naye mguu kwa mguu, wakisema hapa palikuwa na hiki, pale palikuwa na kile. Alipochimba pale walipomwonyesha, karibu na Kaiija, alikuta mabaki ya kazi ya chuma yenye umri wa kiasi cha miaka 2,000. Hadithi iliyodhaniwa kuwa ya kulalia watoto ilikuwa imeshika mahali pake barabara.

Mwaka 1976 wazee wa Kihaya waliojifunza kuyeyusha chuma katika ujana wao, na walioiacha kazi hiyo kwa miaka mingi kwa sababu chuma cha dukani kilikuwa rahisi, walijenga tanuri tena na kuyeyusha mbele yake. Walitumia matete ya kinamasini yaliyochomwa, makaa ya mti, na mifuo ya kupulizia iliyopeleka hewa ndani ya tanuri. Mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery walitangaza habari hiyo katika jarida la Science la Marekani, na wataalamu wengine wakabishana nao juu ya ukali wa moto ule na maana yake. Mabishano hayo si kazi yetu. Kwetu sisi muhimu ni hili: maarifa yalikuwa yamefungwa na mahali. Tanuri laambatana na kinamasi kile chenye matete, na kilima kile chenye mawe ya chuma. Hadithi ya mnara yaambatana na mti ule. Kwa hiyo njia ya kuonyesha habari hiyo haiwezi kusogezwa hatua 200 kwa kuwa pale gari lapata mahali pa kugeuzia. Ukiisogeza umebaki na matembezi tu.

Lakini baada ya hapo Kagera ilipata msiba ambao hatuna budi kuutaja. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waliojulikana katika Tanzania walionekana katika mkoa huo. Katika miaka iliyofuata wakafa wengi wa makamo, yaani wale ambao desturi ingewataka wapokee maneno kwa wazee na kuwapa watoto. Wazee wakabaki wakilea wajukuu, kisha nao wakaondoka. Kabla ya hapo, mwaka 1963, utawala wa machifu ulikuwa umefutwa nchini Tanganyika, na makao ya Bakama, wafalme wa Kihaya, yakakosa watu wa kuyatunza. Juu ya hayo, wamisionari walikuwa wamekwisha kuyalaani mahali pa jadi kwa miaka mingi. Mapadri walifika Kashozi tangu 1892. Basi ilipokaribia 2008 watu wa Katuruka walijiona wako ukingoni. Wakiendelea kunyamaza hapatabaki hata mmoja wa kusema hapa palikuwa na nini.

Mwaka huo na iliyofuata wanakijiji wakajikusanya wenyewe. Wakaunda kamati, wakaanza kukusanya masimulizi ya wazee waliobaki, wakajenga upya nyumba za jadi, na kupatengeneza mahali pa Kaiija ili wageni, na hasa watoto wao wa skuli, wapate kutembezwa. Schmidt waliyemjua tangu ujana wake wakamwita awasaidie, na kazi hiyo ameieleza katika kitabu chake cha 2017 juu ya urithi unaosimamiwa na wenyeji. Zingatieni mpangilio wa mambo hapo. Mtaalamu aliitwa na kijiji. Kijiji hakikuitwa na mtaalamu. Tunaambiwa kila siku kuwa wananchi washirikishwe, na maana yake mara nyingi ni kuitwa mkutanoni kuonyeshwa ramani iliyokwisha kuchorwa, kunywa soda, na kutia sahihi. Katuruka walianza na masimulizi, njia ikaja baadaye.

Hata hivyo tusije tukadhani kwamba ukimwuliza mzee mmoja umemaliza kazi. Schmidt mwenyewe ameandika kwamba katika miaka yake ya kwanza aliwasikiliza zaidi wazee wa kiume, na baadaye ndipo alipotambua kuwa wanawake walikuwa na habari nyingine za mahali pale pale, ambazo wanaume ama hawakuzijua ama hawakuona haja ya kuzitaja. Sisi hatukushangaa kusoma hivyo. Nani anajua njia za kisimani? Nani anajua mti upi hutoa dawa ya mtoto? Tena kuna jambo la vyeo. Zamani Bakama waliwapa wapenzi wao mashamba makubwa yaitwayo nyarubanja, pamoja na watu waliokuwa wakikaa ndani yake, ambao waligeuka wapangaji katika ardhi ya babu zao. Serikali ya Tanzania ilitunga sheria ya kuwakomboa mwaka 1965. Basi mjukuu wa Mukama atakuonyesha mahali pa kikale kwa fahari, na mjukuu wa mpangaji naye ana kumbukumbu ya mahali pale pale, lakini si ya fahari. Njia ya haki itasimulia zote mbili. Anayetaka hadithi tamu tu atapata hadithi ya wakubwa.

Baadhi ya wanachama wetu, tunawajua, watasema: sisi ni Waislamu, mambo ya mizimu yatuhusu nini? Neno hilo ni zito na lataka jibu. Wahaya wengi nao leo ni Wakristo na Waislamu. Majina ya zamani bado wanayajua: Mugasha wa ziwa na tufani, Irungu wa nyika na porini, Wamara aliyekuwa mkuu wao. Kuyajua si kuyaabudu. Njia ya miguu iliyopangwa vizuri haimwombi mtu asujudu mahali; yamwomba asikojoe hapo, asikate mti, asipande juu ya kaburi la mtu. Adabu hiyo twaijua. Tazameni Misali, kisiwa chetu cha Pemba, ambacho jina lake lahusishwa na msala, na ambacho wavuvi wamekuwa wakikiheshimu tangu zamani kwa habari za Nabii Khidhri. Kilipofanywa eneo la hifadhi mwaka 1998, wavuvi walielezwa kwa mafundisho ya dini yao wenyewe juu ya amana ya viumbe, na maneno hayo yaliwaingia kuliko vifungu vya sheria.

Ng'ambo yetu pia, katika Kwale ya Kenya, Wadigo wana Kaya Kinondo. Huo ni msitu wao mtakatifu karibu na bahari, nao ni mmojawapo wa misitu ya Makaya ya Mijikenda iliyotiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008. Wageni hukaribishwa, lakini kwa masharti ya wazee. Mgeni hujifunga kaniki kiunoni, hutembea na kiongozi wa pale pale, hachumi kitu, hali wala hakumbatiani na mwenzake msituni, na sehemu za ndani za wazee hafiki. Masharti hayo hayakuwafukuza wageni, maana wengi huja kwa ajili yake. Na huko Australia, jabali la Uluru lilirudishwa kwa wenyewe, Waanangu, tarehe 26 Oktoba 1985, nao kwa miaka mingi wakawaomba watalii wasilipande. Njia ya kupanda ikafungwa kabisa tarehe 26 Oktoba 2019. Ombi lilikaa miaka 34 kabla ya kuwa amri. Tusidhani basi kwamba kuchelewa ni kwetu sisi tu.

Turudi Muleba, maana huko kuna jambo lituhusulo sana sisi wakulima. Mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko wa migomba uletwao na bakteria ulionekana kwa mara ya kwanza katika Tanzania, na mahali ulipoonekana ni wilaya ya Muleba. Ugonjwa huo hubebwa na wadudu wanaozuru maua ya mgomba, na hubebwa vilevile na panga na visu. Mtu akikata jani katika kibanja chenye ugonjwa, kisha akaingia kibanja cha pili na kisu kile kile, amekwisha kuupanda. Fikirini kiongozi wa wageni mwenye panga kiunoni, anayekata jani hapa kuonyesha, ndizi pale kuonjesha, na kwa siku moja anapita vibanja 10. Mbuni nao ulipata mnyauko wake katika nyanda hizo. Sisi tuliouona ugonjwa wa kufa ghafla ukiangusha mikarafuu ya wazee wetu hatuhitaji mahubiri. Twasema tu kwamba katika upangaji wa njia yoyote ya shambani, sauti ya mkulima ni sauti ya kinga. Yeye ndiye ajuaye shamba gani lina ugonjwa mwaka huu, na njia ihamishwe upande gani mpaka uishe. Na mapango ya magengeni pia yataka tahadhari, baada ya ugonjwa wa Marburg kuonekana Bukoba mwaka 2023. Maana virusi vyake hukaa katika popo wala matunda, ambao hulala mapangoni. Pango zuri la kupigia picha si lazima liingiwe.

Muleba ina neno jingine tena. Mwaka 2019 ilitangazwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye zaidi ya kilomita za mraba 4,700, na sehemu yake imo katika wilaya hiyo. Hapo zamani palikuwa pori la akiba, na kabla ya kuwa pori la mtu yeyote palikuwa na njia za watu wa Ihangiro na Karagwe, waliokuwa wakipita kwenda kuvua, kuwinda, na kufanya biashara. Ndani ya hifadhi mwanakijiji hawezi tena kwenda apendavyo. Lakini kuwauliza wazee wa mpakani majina ya vilima, vijito na vivuko si kuwarudishia pori. Ni kuacha pori libaki na majina yake. Njia ya watalii yenye jina la namba ni dalili kwamba hakuna aliyeulizwa.

Tumalizie kwa fedha, kwa kuwa wengi wenu ndizo mliokuwa mkizingoja. Mgeni alipaye mjini hulipa kwa ajili ya kuona kibanja, au karafuu, au kaburi la mfalme. Mara nyingi mwenye kibanja hupata bahashishi, na mwenye gari hupata ada. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, ambayo ni ya Tanzania Bara, imewapa vijiji vya huko usimamizi wa ardhi yao, na mkutano mkuu wa kijiji una nguvu katika jambo hilo. Kijiji cha Bukoba au Muleba kinaweza kusema njia hii ni yetu, ada itagawanywa hivi, kiongozi atoke hapa. Sheria zetu za ardhi visiwani ni nyingine, na hilo tutalichunguza katika toleo lijalo kwa msaada wa wanaolijua. Lakini kazi ya kwanza haihitaji sheria wala wakili.

Twaomba kila mwanachama ambaye shamba lake linapitiwa na wageni, au limeombwa lipitiwe, aandike katika karatasi moja: makaburi yako upande gani; kisima cha nani; miti ya mipaka; mahali ambapo wazee walikataza kukata; mahali pa kuanikia majamvi wakati wa uchumaji; na mikarafuu yenye dalili za ugonjwa. Asiyejua amwulize mama yake au bibi yake kabla ya kumwuliza sheha. Karatasi hizo zipelekwe kwa makatibu wa matawi kabla msimu wa uchumaji haujaanza. Nazo zisipewe mchora njia yeyote mpaka kwanza mwenye shamba akubali.